Samaki wa Kufugwa Baharini: Ugonjwa wa Virusi Unajulikanaje?



Vikundi vingi vya pwani siku hizi vina mabwawa nyuma ya mikoko, pale kwenye ardhi ya chumvi ambapo hata mnazi haukubali kumea. Wanafuga mwatiko, mkizi, wengine kamba na kaa. Tukizungukia vikundi hivi swali moja hutufuata kila tuendako: samaki wakianza kufa, tutajuaje kama ni maji mabaya au ni ugonjwa? Na kama ni ugonjwa, tutajuaje ni upi?

Wengi hufikiri jibu liko kwa daktari na mashine zake. "Sisi tumesoma kidogo," wanatuambia, "tutajua nini?" Hapo ndipo tunapotaka kubishana nao. Mashine ndiyo ya mwisho kufika. Wa kwanza ni yule anayelisha samaki asubuhi. Na tuna mfano wa nchi moja ambayo iliubana ugonjwa mkubwa wa virusi baharini kabla watafiti wake hawajafaulu kukikamata kirusi chenyewe na kukikuza maabarani. Nchi hiyo ni Norwe, kule Ulaya ya kaskazini, na samaki ni samoni, anayefugwa kwa wingi kwenye vizimba vya nyavu baharini. Samoni hatuna hapa kwetu. Hata kirusi chake hakiwezi kustahimili bahari yetu, kwa maana kinapenda maji ya nyuzi 15 hivi, na watafiti wameona kwamba joto likifika nyuzi 25 hakizaani. Lakini habari yake imeandikwa tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana tumeichagua. Mtu anayetaka kujifunza kushona huanza na nguo iliyokwisha kushonwa, aifumue aone mishono.

Virusi ni vitu gani?

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane kwanza kuhusu neno. Virusi ni vijidudu vidogo mno, vidogo kuliko bakteria. Bakteria anaweza kula na kuzaana peke yake, lakini kirusi hakiwezi. Lazima kiingie ndani ya chembe hai ya mwili, kiilazimishe kutengeneza virusi vingine, halafu vitoke na kushambulia chembe nyingine. Kwa sababu hiyo zile dawa za kuua bakteria, ambazo wengine wetu hununua dukani na kuzimwaga bwawani, hazifanyi chochote kwa virusi. Pesa zinakwenda, na samaki wanaendelea kufa. Kwa magonjwa kadhaa ya samaki chanjo imepatikana, lakini samaki akisha kuugua hakuna dawa ya kumponya virusi bwawani.

Mama mmoja alituuliza kwenye mkutano kama mtu akila samaki mwenye virusi ataugua. Virusi hivi tunavyozungumzia leo ni vya samaki, wala havimshiki binadamu. Hata hivyo samaki aliyeokotwa amekufa asipikwe. Hujui amekaa hapo tangu saa ngapi, na huenda kilichomuua ni sumu.

Jambo la pili la kuelewa ni maji. Kuku wa jirani wakipata kideri, unaweza kufungia wako bandani na kumkataza mtu yeyote asipite. Samaki huwezi kumfungia hivyo. Yeye anavuta pumzi ndani ya maji yaleyale ambamo mwenzake amejisaidia na kutoa ute. Maji ya bamvua yakijaa huingia kwa huyu, yakikupwa hutoka na kwenda kwa yule. Bwawa ni lako kwa karatasi, lakini maji ni ya mkondo mzima.

Ilivyoanza Norwe

Mwaka 1984, kwenye kituo cha kulea samoni wachanga pwani ya kusini-magharibi ya Norwe, samaki walianza kuwa wazito, wakikaa karibu na ukingo bila hamu ya kula. Walipopasuliwa ilionekana matamvua yao yamepauka, mengine karibu kuwa meupe. Tumbo lilikuwa na majimaji, na ini limekuwa jeusi. Damu ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea nyama. Kuna kipimo rahisi cha damu: unaitia kwenye kichupa chembamba, unaizungusha kwa kasi, ile sehemu nyekundu inashuka chini na unapima ni kiasi gani. Kwa samoni mzima sehemu hiyo nyekundu huwa zaidi ya theluthi moja. Kwa wagonjwa hawa ilishuka hata chini ya sehemu 10 katika 100. Ndiyo sababu ugonjwa ukaitwa upungufu wa damu wa kuambukiza wa samoni. Wataalamu huuita kwa herufi tatu, ISA.

Lakini wakati ule hakuna aliyejua kinachousababisha. Upungufu wa damu unaweza kuletwa na chakula kibovu, sumu, wadudu, au bakteria. Kwa hiyo watafiti walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya, yaani kuondoa uwezekano mmoja baada ya mwingine. Walichukua viungo vya samaki mgonjwa, wakavisaga, wakawadunga samaki wazima waliowekwa peke yao, na pembeni wakaweka samaki wengine ambao hawakudungwa kitu kibaya ili kulinganisha. Wale waliodungwa wakaugua. Wengine wakatiwa maji mamoja na wagonjwa bila kudungwa chochote, nao wakaugua. Mwaka 1988 habari ikawa wazi kwamba ugonjwa unaambukiza, na mwaka huohuo serikali ikaamuru kwamba yeyote atakayeuona lazima atoe taarifa.

Hapo hatutaki mlipite lile kundi la pili, la kulinganisha. Tumeona vikundi vikibadilisha chakula, maji na mahali kwa siku moja, halafu samaki wakipona hakuna anayejua ni nini kilichosaidia. Mkiwa na mabwawa mawili, badilisheni jambo moja katika bwawa moja, na lile lingine liacheni lilivyo.

Ugonjwa ulikuwa ukienea. Ilipofika mwaka 1990 mashamba kama 80 hivi yalikuwa yamepigwa. Na hapa ndipo pana funzo tunalolipenda, kwa sababu halikutoka maabarani. Watafiti walishika kalamu na karatasi, wakaenda kwa wafugaji, wenye ugonjwa na wasio nao, wakawauliza maswali yaleyale. Vifaranga mlivitoa wapi? Ni mashua gani inayokuja kwenu? Jirani yenu yuko umbali gani? Samaki waliokufa mnawatupa wapi? Kichinjio kiko wapi, na maji yake ya damu yanamwagwa wapi?

Walipopanga majibu wakaona picha. Shamba lililokuwa chini ya kilomita 5 kutoka shamba lenye ugonjwa lilikuwa katika hatari kubwa mara kadhaa kuliko lile lililo mbali. Na shamba lililokuwa karibu na kichinjio cha samaki lilikuwa katika hatari kubwa vilevile. Kumbe maji ya damu yaliyomwagwa baharini yalikuwa yanaubeba ugonjwa hadi kwa samaki wazima.

Basi sheria zikatungwa kuanzia mwaka 1989 na kuendelea. Samaki wasihamishwe kutoka shamba moja la bahari kwenda jingine. Vituo vya vifaranga visitumie maji ya bahari ambayo hayajatiwa dawa. Maji ya vichinjio yatiwe dawa ya kuua vijidudu kabla ya kumwagwa. Samaki wa umri tofauti wasichanganywe mahali pamoja, na shamba likishavunwa lipumzishwe kabla ya kutiwa wengine. Hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji kujua sura ya kirusi. Katika miaka michache mashamba mapya yenye ugonjwa yakawa ya kuhesabika kwa vidole.

Mwaka 1995 ndipo watafiti wa Norwe walipofaulu kukikuza kirusi hicho ndani ya chembe hai zilizotolewa kwenye figo ya samoni. Walipokichunguza wakakuta ni wa ukoo mmoja na virusi vya mafua, ingawa chenyewe ni cha samaki tu.

Maabara inafanya nini na samaki wako?

Watu hufikiri samaki anaingia kwenye mashine na jina linatoka upande wa pili. Si hivyo. Kuna hatua kadhaa, na kila moja inajibu swali tofauti.

Kwanza daktari anakata vipande vyembamba vya viungo, anavitia rangi na kuviangalia kwa hadubini. Hapo anaona chembe zilivyoharibika, na ni kiungo gani kilichopigwa. Anaweza kusema "hii si chakula, hii ni maambukizi," lakini mara nyingi bado hawezi kutaja jina.

Pili anaweza kujaribu kukikuza kirusi. Anasaga kiungo, anachuja maji yake kwa kichujio chenye matundu madogo sana ambayo hata bakteria hapiti. Yale maji yaliyochujwa anayamimina juu ya chembe hai za samaki zinazolelewa kwenye sahani. Zikianza kufa, basi kuna kitu kidogo kuliko bakteria kilichopita. Kazi hii inaweza kuchukua wiki nzima au zaidi, na haifai kitu kama samaki alifika ameoza.

Tatu kuna kile kipimo cha PCR, ambacho wengi wetu tulikijua wakati wa Korona. Hiki hutafuta vinasaba vya kirusi, na ni chepesi kunusa kama mbwa wa polisi. Kinaweza kukamata kirusi hata kikiwa kidogo sana.

Na hapohapo ndipo kinapoweza kumpotosha mtu. Kwa ule ugonjwa wa samoni, mwaka 2002 huko Uskoti iliripotiwa aina ya kirusi hicho iliyokutwa kwa samaki wasio na ugonjwa wowote. Baadaye aina hiyo ilionekana imeenea sana, hata visiwa vya Faroe. Kwenye kinasaba chake kuna kipande kizima ambacho kwa virusi vinavyoua kimekatika. Wataalamu wanaona kwamba ile aina mpole ndiyo hubadilika mara mojamoja ikawa ya kuua. Kwa hiyo PCR ikisema "kirusi kipo", bado lazima mtu aulize: ni aina ipi? Na samaki wenyewe wako vipi? Ndiyo sababu daktari mzuri atarudi kukuuliza mambo ya bwawani kwako hata akiwa na karatasi ya maabara mkononi. Usiudhike ukidhani hajui kazi yake.

Ndugu zetu wa bara, wanaofuga ngege, hili nanyi linawahusu. Kuna kirusi cha ngege kilichotangazwa mwaka 2014 baada ya kuchunguzwa nchini Israeli. Mwaka 2018 watafiti waliandika kwamba PCR imekipata kwa samaki wa Ziwa Victoria upande wa Uganda na Tanzania, nao hawakuwa na dalili za kuugua. Kupatikana hivyo si sababu ya kumwaga bwawa. Ni sababu ya kufungua macho na kuuliza vifaranga vinatoka wapi.

Na maji ya joto je?

Msije mkafikiri virusi ni mambo ya nchi za barafu. Samaki wa bahari za joto wana wao pia. Kinachojulikana zaidi ni kile kinachoshambulia ubongo na macho. Kilielezwa vizuri huko Japani mwaka 1992, na kimeonekana kwa chewa wa kufugwa na samaki wengine wengi wa maji ya joto katika Asia, Australia na nchi za Mediterania. Huwapenda zaidi vifaranga. Kifaranga kilichoshikwa huzunguka kama pia, au huelea kimepindua tumbo juu, halafu hushtuka na kuogelea tena bila mwelekeo. Ukiangalia ubongo wake kwa hadubini unaona matundu matundu kama mkate. Kituo kinaweza kupoteza karibu vifaranga vyote katika siku chache. Kirusi hiki ni kigumu, kinaweza kukaa kwenye maji ya bahari kwa muda mrefu, na kinaweza kutoka kwa mama hadi kwenye yai. Vituo vyenye uangalifu hupima samaki wazazi, na huosha mayai kwa maji yaliyotiwa ozoni.

Upande wetu wa bahari hii tayari umeonja. Kamba si samaki wa mapezi, tunajua, lakini ugonjwa wake wa madoa meupe nao ni wa virusi. Mwaka 2011 uliingia kwenye mashamba ya kamba ya Msumbiji, na mwaka 2012 ukaingia Madagaska. Mashamba hayo yalikuwa na wataalamu na pesa. Kwa hivyo mtu akikuletea vifaranga vya bei nafuu kutoka ng'ambo, pengine amevibeba ndani ya mfuko wa plastiki na hana karatasi yoyote, uliza mara mbili.

Kazi ya mtu wa bwawani

Sasa turudi kwa yule anayelisha asubuhi. Tumesema yeye ndiye wa kwanza. Hebu tuone anavyoweza kujua kitu bila mashine.

Samaki wakifa kwa wingi usiku mmoja, ukawakuta alfajiri, wakubwa wakitangulia kufa, na waliobaki wako juu wanahema kwa mdomo, hapo fikiria hewa majini kwanza. Ongeza maji mapya haraka, usingoje daktari. Wakifa samaki wa kila aina kwa pamoja, na kaa, na hata wale vidagaa walioingia wenyewe, fikiria sumu, na uulize ni nani aliyepiga dawa shambani juu yako. Lakini wakifa wa aina moja tu, au wa umri mmoja, wawili leo, watatu kesho, wanne keshokutwa, na wengine wanasita kula, hapo ugonjwa wa kuambukiza unabisha hodi.

Ugonjwa huo wa polepole ndio unaoponyoka macho. Kule kwenye samoni, kizimba chenye ugonjwa mara nyingi hupoteza mwanzoni samaki 5 hadi 10 tu kwa siku katika kila 10,000. Sasa wewe mwenye bwawa la samaki 2,000, hiyo ni samaki mmoja au wawili kwa siku. Nani atashtuka? Mmoja utasema ameliwa na yangeyange, mwingine utasema alijeruhiwa na wavu. Lakini ugonjwa ukiachwa, baada ya miezi kadhaa unaweza kumaliza hata tisa katika kila kumi.

Ndiyo maana hatuchoki kusema habari ya daftari. Si lazima liwe kubwa. Kila siku andika tarehe, chakula ulichotoa na kama kimeliwa chote, waliokufa ni wangapi, na maji yalikuwa bamvua au maji mafu. Siku vifaranga vinapoingia, andika vimetoka wapi na vimeletwa na nani. Kijana anayesoma anaweza kumsaidia mzee asiyejua kuandika, au mzee aweke kokoto kwenye kopo, kokoto moja kwa kila samaki aliyekufa. Wale watafiti wa Norwe wasingepata kitu kama wafugaji wangewajibu "hatukumbuki."

Daftari likionyesha wanaokufa wanazidi kwa siku tatu mfululizo, pigeni simu kwa afisa wa uvuvi wa kaunti. Yeye ndiye atakayewaunganisha na wataalamu, wakiwemo wa KMFRI kule Mombasa, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi. Wakati mnamngoja, msifungue mlango wa bwawa maji yatoke. Msimpe jirani wavu wala ndoo. Waliokufa wafukieni mbali na maji, wala msiwatupe kwenye mkondo.

Na samaki wa kupelekwa kupimwa ni yupi? Hapa wengi huchagua vibaya, wanampeleka yule aliyekufa zamani kwa sababu huyo hana faida tena. Samaki aliyekaa juani saa mbili tatu ameshaingiwa na bakteria wa kila namna, na daktari hataona kitu. Anayefaa ni yule anayeumwa lakini bado anapumua, na pamoja naye mmoja au wawili wazima wa bwawa hilohilo wa kulinganisha. Wawekwe kila mmoja kwenye mfuko wake, juu ya barafu iliyovunjwavunjwa. Msiwagandishe kwenye friji kama nyama, kwa sababu wakiganda chembe hupasuka na hadubini haioni kitu. Kama safari ni ndefu afisa ataleta fomalini ya kuhifadhia vipande. Hiyo ni sumu, mwacheni aishike mwenyewe.

Nani atasema kwanza?

Yote haya yanategemea jambo moja ambalo vitabu vya samaki huligusa kidogo tu. Anayeuona ugonjwa kwanza ndiye anayepoteza zaidi akisema. Akinyamaza, anaweza kuvua haraka na kuuza kabla habari haijatoka. Akisema, bwawa linafungwa na samaki wanauawa, na majirani wanamtazama kama aliyeleta mkosi.

Tazameni yaliyotokea kwingine. Uskoti, mwaka 1998, ugonjwa huo wa samoni ulithibitishwa katika mashamba 11. Ulibebwa sana na zile mashua zinazochukua samaki hai kutoka shamba hadi shamba na hadi kichinjioni. Vizimba vilimwagwa, sehemu zikapumzishwa, na mwaka 1999 ukawa umekwisha. Nchi ikapona. Lakini mwenye samaki alibaki na nini? Kampuni moja iliyoamriwa kuua samoni wake ilidai fidia, na nyingine iliyokuwa imepoteza samaki bapa kwa ugonjwa mwingine wa virusi mwaka 1994 ilidai vilevile. Kesi zao zilifika hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, na mwaka 2003 mahakama ikaamua kwamba sheria ya Ulaya hailazimishi wafugaji hao walipwe. Marekani na Kanada kwa upande wao ziliwalipa wafugaji kiasi fulani kwa samaki walioamriwa kuuawa.

Chile nako ugonjwa ulijitokeza mwaka 2007, karibu na kisiwa cha Chiloé. Mashamba yalikuwa yamebanana, na samaki walikuwa wakihamishwa huku na huko. Vinasaba vya kirusi chao vilionyesha ni jamaa wa karibu wa kile cha Norwe, na watafiti kadhaa wakanyoosha kidole kwa mayai ya samaki yaliyoagizwa kutoka Ulaya. Kufika mwaka 2010 mavuno ya samoni hao yalikuwa yameshuka kwa zaidi ya nusu, na maelfu ya watu waliokuwa wakifanya kazi vizimbani na viwandani walikuwa wamerudi nyumbani mikono mitupu. Baadaye sheria ikabadilishwa. Mashamba ya sehemu moja yakapangwa pamoja kama mitaa, na mtaa mzima unapumzika kwa wakati mmoja, miezi mitatu bila samaki majini. Hakuna wa kusema "mimi wangu bado wadogo."

Sisi hatuna mahakama ya Ulaya, na serikali ya kaunti hatuoni kama italipa mwatiko wa mtu. Lakini vikundi vya kujisaidia vina kitu ambacho zile kampuni hazikuwa nacho. Mnajuana, mnakutana kila mwezi, na tayari mnachanga. Maoni yetu ni haya: vikundi vinavyotumia mkondo mmoja vikae pamoja, hata kama ni vitatu tu, vichange mfuko mdogo wa bwawa. Kila mavuno, sehemu kidogo ya pesa iwekwe kando. Atakayetoa taarifa mapema, afisa akathibitisha na samaki wakaondolewa, alipwe vifaranga vya kuanzia tena na chakula cha mwezi wa kwanza. Atakayeficha na kuuza asilipwe kitu, na kikao kiamue atozwe nini.

Mtabishana kuhusu kiasi, hilo tunalijua, na wengine watauliza itakuwaje kama ni hewa iliyopungua majini na si ugonjwa. Hapo daftari la bwawa na maneno ya afisa ndiyo yatakayoamua. Mkisha kukubaliana, katibu aandike kwenye kumbukumbu za mkutano, viongozi wa vikundi vyote watie sahihi au kidole gumba, na mweka hazina afungue ukurasa wake mbali na pesa za mzunguko. Na ifanyike kabla vifaranga vya msimu huu havijaingia bwawani.